Ushanga Usio na Mwenyewe

Treni ilipofika Itigi asubuhi ile waliteremka abiria saba, na mwanamke mmoja mtu mzima akawaendea mmoja mmoja, akiwatazama usoni. Hakuwa akiuza karanga wala asali. Gauni lake la buluu lilikuwa limefuliwa mpaka rangi ikakimbia, na miguu yake ilikuwa myeupe kwa vumbi. Alipofika kwa Damari alisimama muda mrefu kuliko alivyosimama kwa wengine.

"Shikamoo, mama," Damari alimwamkia, sanduku lake la bati bado likiwa mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Umetoka wapi?"

"Kinampanda, mama. Iramba."

"Huko njiani hukukutana na binti yangu? Msichana mrefu, ana mwanya, amevaa shanga mkononi."

Damari alikuwa na siku tatu safarini: basi mpaka Singida, lori la mahindi kupitia Ikungi mpaka Manyoni, kisha treni. Alijaribu kuzikumbuka nyuso zote alizokaa nazo.

"Hapana, mama. Sikumwona. Anaitwa nani?"

"Martina." Mama yule aliitazama reli inakopotelea, akavuta pumzi. "Haya. Labda treni ya kesho." Kisha, kana kwamba hakuna lililotokea, alilichukua lile sanduku akajitwika. "Wewe bila shaka ndiye mwanafunzi wa shanga. Utalala kwangu. Twende, jua lisitukute njiani."

Damari alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Mwaka huo, watu wakiwa wamehamia katika kijiji kipya cha Ujamaa, wanawake wa kijiji chao walitaka kazi ya mikono itakayowafaa wakati wa kiangazi, na Bibi Maendeleo, mtumishi wa serikali wa kazi za wanawake, akasema yuko mtu Itigi anayetengeneza shanga za kioo kwa chupa zilizovunjika. Kazi hiyo haifundishwi kwa barua, alisema. Lazima mtu aende, akae mbele ya moto, aungue kidogo. Wakamchagua Damari. Baba yake, Mzee Ezekieli, mzee wa kanisa asiyependa maneno mengi, alikubali kwa shingo upande. "Mwezi mmoja tu," alimwambia. "Nenda ukajifunze shanga. Usije ukaniletea jingine."

Jioni ile ya kwanza mama mwenye nyumba alitandika mikeka mitatu katika chumba cha wageni. Mmoja wa Damari, mmoja wa Dorkas, msichana wa Ikungi aliyetangulia kufika kwa masomo hayo hayo. Wa tatu aliutandika karibu na mlango, akaunyoosha kwa viganja, akaweka juu yake kanga iliyokunjwa.

"Tunamngoja mwenzetu mwingine?" Damari aliuliza mama alipotoka.

Dorkas aliweka kidole mdomoni. Na hapo, kabla hajajibu, sauti ikasikika kutoka nyuma ya nyumba, pale mashamba yanapokomea na vichaka vinapoanza.

"Martinaa! Jua linazama, mwanangu! Martinaa!"

Vichaka vya Itigi si msitu wa miti mirefu. Ni ukuta. Matawi yamefumana kama kapu kuanzia ardhini mpaka juu ya kichwa cha mtu, na aliyeingia hatua ishirini haoni alikotokea. Damari aliisubiri ile sauti irudi, maana kwao milimani sauti hurudi. Haikurudi. Ilikuwa kana kwamba kuna kitu kimeimeza.

"Ni miaka minne sasa," Dorkas alinong'ona. "Alikwenda kukata kuni za tanuru la mumewe. Walikuta shoka limeegemezwa mtini na mzigo wa kuni umefungwa vizuri, bado kujitwika tu. Hapana damu, hapana nguo iliyochanika. Wanaume walitafuta siku tisa. Mama amekataa msiba. Anasema mtoto wake hajafa, amepotea njia tu."

"Mumewe ni nani?"

"Utamwona kesho. Ndiye mwalimu wetu."

*

Ignas alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mwembamba, mwenye makovu madogo ya moto mikononi. Ufundi ule aliurithi kwa marehemu baba yake, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alikwenda kupigana Bama, huko Asia, akalazwa hospitalini kitanda kwa kitanda na askari wa Afrika Magharibi. Yule askari alimfundisha kazi ya kwao ili siku zipite. Baba alirudi Itigi bila kidole kimoja, lakini na shanga kichwani.

"Kioo hakitaki haraka," Ignas aliwaambia wanafunzi wake watano siku ile ya kwanza. "Ukikiharakisha, kinapasuka. Ukikipuuza, kinapasuka vilevile."

Wakafundishwa kutwanga chupa katika kinu cha chuma mpaka ziwe unga, kuuchekecha kwa kitambaa, na kuumimina katika kalibu za udongo zenye vishimo. Katikati ya kila kishimo walisimamisha kikonyo cha jani la muhogo. Moto ukiwaka kikonyo huungua, na palipokuwa na kikonyo hubaki tundu la kupitisha uzi. Kioo kikishakuwa laini kama asali ya baridi, kila mtu aligeuza shanga zake kwa sindano mbili za chuma. Kisha kalibu zilirudishwa tanurini, mlango ukazibwa kwa udongo mbichi, na shanga zikaachwa zipoe taratibu mpaka asubuhi.

Damari alikosea mara tatu. Mara ya nne Ignas alichuchumaa nyuma yake, akamshika mikono.

"Usikaze vidole. Ushanga unajua ukiogopwa."

"Ninaogopa kuungua, Mwalimu."

"Hata mimi. Zungusha. Taratibu... hapo hapo."

Ushanga ukazunguka, mwekundu kama jicho la jogoo. Damari hakuutazama. Alikuwa akiitazama mikono ile juu ya mikono yake, na ghafla Ignas naye akaiona. Akaiondoa upesi kama mtu aliyegusa kaa. Siku ile yote hakumwangalia tena, na Damari alijua, kama wanawake wanavyojua, ni kwa nini.

Asubuhi ya pili walibomoa udongo wa mlangoni. Shanga zao zilikuwa za kahawia na za kijani, kama zilivyokuwa chupa zao. Lakini kule nyuma kabisa ya tanuru kulikuwa na kalibu kuukuu, imepasuka, imebakiwa na kishimo kimoja kizima. Ndani ya kishimo hicho ulikuwamo ushanga mmoja wa buluu, buluu ya mbingu baada ya mvua, umegeuzwa vizuri kuliko wote.

"Huu wa nani?" Damari aliuliza.

Wanafunzi wote wakainama kama wanatafuta kitu chini. Ignas aliuchukua, akaupuliza majivu, akautia katika kopo la samli lililokuwa rafuni. Kopo lililia kwa uzito: limejaa.

"Leteni vinu," alisema tu.

Kila asubuhi ikawa hivyo. Ushanga mmoja wa buluu. Na katika rundo zima la chupa pale uani, Damari alitafuta mpaka akachoka, hapakuwa na hata kigae kimoja cha buluu.

*

Wiki ya tatu Damari aliungua kidole. Wenzake walikuwa wamekwenda kisimani. Ignas alileta asali katika kifuu, akampaka kidole kile taratibu, akizunguka jeraha bila kuligusa.

"Wiki moja imebaki," Ignas alisema, macho yake yakiwa kwenye kidole.

"Wiki moja."

"Halafu utaondoka."

"Halafu nitaondoka. Labda mtu aniambie neno."

Ignas aliweka kifuu chini. Nje hapakuwa na ndege hata mmoja aliyelia; vichaka vile saa sita za mchana hunyamaza kama nyumba ya mgonjwa.

"Damari, nakupenda," alisema hatimaye. "Nimejizuia, nimeshindwa. Ukicheka huko uani, mimi huku nafsi yangu inasimama. Lakini sina la kukuahidi."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Nina mke ambaye hayuko hai wala hajafa. Padri ameniambia: siku mama mzazi atakapokubali misa ya marehemu isomwe, hiyo ndiyo siku nitakapokuwa mjane. Mama hakubali."

"Umemwomba?"

Ignas alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama ameomba kupanda juu ya paa la kanisa. "Yule ni mama mkwe wangu. Namheshimu. Simtazami machoni, siingii nyumbani kwake. Namchotea maji, namkatia kuni, naziacha uani nageuka. Nitamwambiaje, 'Mama, kubali mwanao amekufa, mimi nataka kuoa'? Na hasa kwa vile bado anauleta ule ushanga."

"Ushanga gani?"

"Wa buluu. Sijui anaupata wapi, labda chupa za dawa za misheni. Siku za mwanzo za ndoa, Martina na mama yake walikuwa wanakuja kugeuza shanga pamoja hapa, mimi nikiwa nimetoka. Kwa hiyo mama anakuja jioni, akishaita kule vichakani, anabandua udongo wa mlangoni, anauweka ule ushanga badala ya mtoto wake, anaziba tena. Mwaka wa nne sasa. Mtu anayemngoja mwanawe namna hiyo, nitamvunjaje moyo?"

Damari aliuvuta mkono wake. "Basi usingeniambia unanipenda, Ignas! Ungeninyamazia mpaka niondoke. Mimi si wa kuwekwa mlangoni kama mkeka wa mtu anayesubiriwa." Akatoka, machozi yakimtoka, asali ikimchuruzika kiganjani.

Jioni alimsaidia mama kuchambua mchicha jikoni. Mama aliyaona macho yake.

"Umelia."

"Ni moshi, mama."

"Moshi wa tanuru la Ignas." Hakusema kwa ubaya. Aliendelea kuchambua. "Usidhani sioni, mwanangu. Namwona anavyokutazama. Ningekuwa na moyo mwingine ningemwambia, 'Baba, oa, wewe bado kijana.' Lakini nitamwambiaje, na yeye mwenyewe bado anamngoja mke wake?"

"Nani amekuambia anamngoja?"

"Si ule ushanga wa buluu? Kila siku anamtengenezea Martina ushanga mmoja. Wanafunzi wote wananiambia. Martina alipenda buluu kuliko rangi zote. Mwanamume anayemfanyia mkewe hivyo miaka yote hii, mimi mama mzazi nitakuwa wa kwanza kukata tamaa? Aibu. Ndiyo maana kila treni nakwenda."

Mikono ya Damari ilisimama juu ya ungo.

"Mama," alisema, akichagua maneno kama mtu anayekanyaga vigae, "wewe hujawahi kwenda tanurini jioni?"

"Mimi? Mahali pa mkwe wangu, bila kuitwa? Sina adabu?"

*

Siku iliyofuata Damari hakumwambia mtu. Walipomaliza kazi alijitolea kupanga kalibu mwenyewe. Alipitisha sindano ndefu ya chuma mpaka nyuma ya tanuru, akaigusisha ndani ya kile kishimo kimoja. Kilikuwa kitupu. Mlango ulipozibwa, alisubiri Ignas ageuke, akagandamiza kidole gumba chake mara tatu katika udongo mbichi, akakariri mahali. Kisha akaondoka mara moja, maana alihisi nyuma yake kuna mtu anayesubiri aondoke.

Asubuhi, Jumamosi, wengine walikwenda kufua. Damari na Ignas walibaki wawili mbele ya tanuru. Udongo ulikuwa umekauka na kutoa nyufa nyembamba, na zile alama tatu za kidole zilikuwa pale pale, hazijaguswa.

"Ziangalie," Damari alisema. "Ni zangu. Nimeziweka jana. Sasa fungua."

Alibomoa. Ushanga wa buluu ulikuwamo. Damari aliugusa: shanga nyingine zote zilikuwa vuguvugu, huu ulikuwa baridi kama maji ya kisima.

Wakati huo huo mama alifika na sufuria la uji wa wanafunzi. Kama desturi yake alilitua nje ya ua, akageuka kuondoka, kanga usoni. Ignas naye alikwisha kuchuchumaa, akainamisha kichwa.

"Mama, usiende," Damari aliita. "Nawaomba radhi nyote wawili. Mimi ni mgeni, na mgeni anaweza kusema ambalo mwenyeji hawezi. Ignas, ushanga huu unauweka wewe?"

"Mimi? Nimekwisha kukuambia. Anaweka mama."

Kule nje ya ua, mama aligeuka.

"Nani anaweka?" aliuliza.

"Wewe, mama," Ignas alijibu, macho chini. "Nisamehe. Nilinyamaza kwa heshima."

"Mimi sijakanyaga hapo tangu mwanangu apotee! Unaweka wewe! Unamwekea mkeo!"

"Sina kioo cha buluu, mama. Sijapata kuwa nacho."

Upepo ulipita juu ya vichaka, na majani yote yakaegemea upande mmoja, upande wa ua ule, kisha yakatulia. Ndipo mama alipofanya jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti yake apotee. Aliingia ndani ya ua wa mkwe wake. Alimpita, akaenda rafuni, akateremsha kopo la samli, akalimwaga juu ya kanga yake chini. Shanga zikasambaa kwa mamia, zote za buluu, zote sawasawa. Alichukua mmoja, akaugeuza mwangani.

"Ni mkono wake," alisema taratibu. "Alikuwa anamaliza kwa kuvuta hivi, kushoto. Nilimkataza, hakusikia."

"Mama..." Ignas alianza.

"Nyamaza, baba." Alikaa chini kati ya zile shanga. Sauti yake haikutetemeka, na hilo ndilo lililomtisha Damari kuliko yote. "Mtu aliye hai anarudi kwa mlango wa mbele. Anapiga hodi, anaomba chakula, ana vumbi miguuni. Mwanangu amekuwa akirudi kila siku, na hakupiga hodi hata mara moja. Miaka minne namtafuta kwenye treni, kumbe alikuwa hapa akiniambia. Sisi wawili tumeshindwa kumsikia kwa sababu ya kuheshimiana."

Akaangua kilio, kilio kile cha msiba ambacho Itigi nzima ilikuwa imekisubiri miaka minne. Wanawake waliokuwa wakifua walikisikia, wakaja mbio na nguo mbichi mikononi, wakajua bila kuambiwa.

Walisoma misa Jumanne. Kaburini, kwa kuwa hapakuwa na mwili, walizika lile shoka na zile shanga zote. Ijumaa Damari alipanda treni. Ignas alimsindikiza kituoni lakini hakumgusa. Alikuwa mfiwa wa siku tatu.

"Nitakuja kwenu," alisema. "Nipe mwaka wa kumlilia vizuri."

"Nitangoja," Damari alijibu. "Ila ujue, baba yangu ni mgumu."

*

Mwaka ulipita, wa kulima, wa kutwanga chupa na kuwafundisha wanawake wenzake. Mwezi wa mtama kukomaa, barua ilifika Kinampanda, na baada ya barua wakaja watu: Ignas, kaka yake Laurian, na mama yule wa gauni la buluu.

Mzee Ezekieli aliwapokea kwa adabu lakini uso wake haukufunguka. Alisubiri wanywe maji.

"Nimesikia habari za kijana huyu," alisema. "Dhehebu letu si moja. Hilo lina mazungumzo. Lakini mke wake alimezwa na pori, hajaonekana. Mimi nitampaje binti mtu ambaye wake zake wanapotea? Nani wa kunijibu hilo?"

"Mimi," alisema mama. "Mimi ndiye mzazi wa huyo mke."

Mzee Ezekieli alimgeukia. "Wewe ni mama mkwe wake?"

"Ndiyo. Nimekuja kumposea."

"Sijapata kuona jambo hili tangu nizaliwe."

"Hata mimi sijapata, mzee mwenzangu. Lakini nisikilize. Nilimpa binti mmoja, na siku tisa alimtafuta mpaka nyayo zikatoka damu. Alipomkosa hakunitupa. Miaka minne amenichotea maji, na wala hapakuwa na mtoto wa kutuunganisha. Mwanamume wa namna hiyo nikimwacha azeeke peke yake, Mungu ataniuliza. Binti yako naye alinirudishia msiba wangu. Nakuomba unipe, awe mwanangu."

Mzee Ezekieli alisugua goti. Kabla hajajibu, mke wake alichungulia kutoka jikoni akiwa na sahani mkononi.

"Samahani, wageni. Na yule mwenzenu mwingine haingii? Nimempakulia."

"Mwenzetu yupi, mama?" Laurian aliuliza. "Tuko watatu tu."

"Yule msichana mrefu. Mlipokuwa mnakuja alikuwa nyuma yenu. Nimemwona sasa hivi amesimama kule mwisho wa mtama, nikamwita, akacheka tu. Ana mwanya."

Ignas alishika ukingo wa kiti. Mama yule wa Itigi alifumba macho, kisha akayafumbua, na uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliyeshusha mzigo.

"Mwache, dada," alisema. "Hakuja kula. Amekuja kushuhudia."

Mzee Ezekieli alitazama nje kwa muda mrefu, kisha akamtazama binti yake aliyekuwa amesimama mlangoni. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini.

"Damari. Umesikia yote. Unamtaka mtu huyu, pamoja na yote anayokuja nayo?"

"Nipe muda kidogo tu, baba."

Alitoka. Alivuka uwanja peke yake mpaka mwisho wa mtama, akasimama. Masuke yalikuwa mazito na hayakuwa yakitikisika, isipokuwa mashina matatu hivi mbele yake, yaliyoyumba kana kwamba kuna mtu ametoka kuyaegemea punde. Damari hakurudi nyuma.

"Dada Martina," alisema. "Nitamtunza. Na mama pia nitamtunza. Nenda salama."

Mashina yale yalitulia, moja baada ya jingine. Kule mbali mbwa wa jirani aliyekuwa akibweka tangu wageni walipofika alinyamaza. Damari alijifunga kanga vizuri, akarudi ndani kwa baba yake.

"Namtaka," alisema.